Katapila la Mjomba na Mnazi wa Mama

Katapila la mjomba wangu lilikuwa dogo. Mtu mrefu akisimama kando yake ungedhani anataka kulibeba kwapani aende nalo. Nililidharau tangu siku lilipofika Likoni juu ya lori, limefunikwa turubai kama maiti ya mtu mwenye heshima zake, na mjomba amekaa nyuma pamoja nalo, mkono wake juu ya chuma chake kimoja, kama mtu anayemsindikiza mgonjwa.

Alilipata kwenye shamba moja la mkonge lililokwisha kufa zamani. Halikuwa na magurudumu wala usukani. Lilitembea kwa minyororo miwili mipana ya chuma, na dereva aliliongoza kwa kuvuta vyuma viwili vilivyosimama mbele ya magoti yake. Akivuta cha kulia, mnyororo wa kulia unasimama, na katapila zima linazunguka upande huo likichakura ardhi kama kuku. Kiti kilikuwa bati lenye matundu. Rangi yake hapo kale ilikuwa manjano, nadhani, lakini kutu ilikuwa imeshaamua vingine. Umri wake ulimzidi mjomba, na mjomba aliutaja umri huo kama sifa. Kitu cha mtu mwingine kikizeeka, mjomba hukiita kikweche. Chake kilikuwa "chuma cha watu wa zamani".

"Hili haliongopi," alikuwa akituambia kila asubuhi huku akilipaka grisi kwa vidole vyake mwenyewe. "Watu ni waongo. Hili haliongopi."

Mtu asiyeweza kuaminiana na watu hujikuta anasifu ukweli wa kitu kisichosema. Hilo nililiwaza asubuhi ya kwanza. Sikulisema, kwa sababu nilikuwa nakula kwake.

Shamba la babu liko nyuma ya Likoni, mbali kidogo na barabara, mahali ambapo nyumba za kupangisha husogea kila mwaka kama maji yanayojaa. Nusu yake ni mchanga. Nusu ni bonde la tope jeusi linalokauka kiangazi tu. Babu alipanda mivinje pande zote mbili, na mivinje ilikuwa imekomaa, mirefu na minyoofu, na watu waliokuwa wakijenga mabanda ya makuti upande wa Shelly Beach walitaka magogo yake kwa nguzo. Mtu mwingine angetafuta vijana wa kubeba mabegani. Vijana wapo, mabega wanayo, na gogo la mvinje halijawahi kumshinda mtu aliyekula ugali. Mjomba alitafuta katapila.

Mimi nilitumwa na mama. Mama anaishi Changamwe, katika vyumba viwili vya kupanga ambavyo ndege zikishuka uwanjani hutikisa vijiko kabatini. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, shahada ya uhusiano wa kimataifa, na mahusiano yangu yote na mataifa wakati huo yalikuwa kutuma maombi ya kazi yasiyojibiwa. Mama aliniangalia nikizungukazunguka chumbani mpaka akachoka.

"Nenda ukamsaidie mjombako," alisema. Kisha, nikiwa mlangoni na begi, akaongeza, "Na macho unayo."

Nilivuka feri nikiyachambua maneno hayo. Macho ya kuangalia nini? Kujifunza kazi? Kumchunguza mtu? Nilipofika ng'ambo nilikuwa na maana kama saba hivi na zote zilinitia wasiwasi. Iliyokuwa sahihi niliijua siku zote. Mama alikuwa anazungumzia mnazi.

Mama alipozaliwa, babu alikifukia kitovu chake kwenye ukingo wa lile bonde, na juu yake akapanda mnazi. Kwetu pwani ardhi inaweza kuwa na mwenyewe, na mti uliosimama juu yake ukawa na mwenyewe mwingine. Babu alipokufa, ardhi ilikwenda kwa watoto wa kiume, yaani kwa mjomba peke yake, maana wa kiume mwingine hakuwapo. Mama alibaki na mnazi. Nazi zilikuwa zake, na njia ya kuzifuata ilikuwa yake. Maadamu mnazi umesimama, mama angeweza kuingia kwenye shamba la babake bila kubisha hodi kwa mtu. Ukianguka, atakuwa mgeni kama mimi.

Hakuwa na karatasi ya kuonyesha haya yote. Alikuwa na mti, na majirani wanaojua mti ni wa nani.

Mjomba hakuwahi kuuita mnazi wa dada yake. Aliuita "ule mnazi", kwa sauti ya mtu anayetaja jino bovu.

Kila asubuhi wanaume wa mtaa walikuja kukaa juu ya magogo na kutazama katapila likikataa kuwaka. Sijui walikuwa na kazi gani nyingine. Nadhani hii ndiyo ilikuwa kazi. Kuliwasha kulitaka hendeli ya mkono, maombi na matusi, na kazi ya hendeli ilikuwa yangu.

"Msomi, zungusha kwa nguvu, hiyo si kalamu," alisema mmoja wao, fundi baiskeli ambaye sikuwahi kumwona akigusa baiskeli.

"Kwani wewe ulisomea nini hasa?" aliuliza mwingine.

"Uhusiano wa kimataifa."

"Basi patana nalo."

Walicheka taratibu, kama watu waliokuwa na siku nzima ya kucheka. Hendeli ilirudi nyuma kwa kasi na kunipiga kifundo cha mkono. Mjomba alishuka haraka, nikafikiri anakuja kuniangalia mimi. Aliiangalia hendeli.

Lilipowaka, lilitoa moshi mweusi, na wale wanaume walitikisa vichwa kwa heshima, kama kwamba moshi ule ulikuwa umesema neno la hekima. Hapo ndipo dharau yangu ilipokuwa ikichemka hasa. Lile katapila lilivuta magogo matatu kwa safari. Lilikwenda mwendo wa bibi harusi. Kila baada ya safari mbili lilichemka, likanyweshwa maji, likapumzika, na sisi tukasimama kulisubiri lipone. Niliketi nikipiga hesabu kichwani: vijana kadhaa, mabega yao, muda huohuo. Katapila lilishindwa kila nilipopiga. Nilizipiga hesabu hizo mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kwa sababu nilikuwa natafuta mahali nilipokosea. Ndivyo nilivyo. Siwezi hata kudharau kitu bila kuhofia kwamba nimekionea.

Lilivuta, lakini. Siwezi kulisingizia. Kwenye mchanga laini, ambapo gari lolote lingezama mpaka mlangoni, minyororo ile ilitandika uzito wake na kupita, magogo yakifuata nyuma kwa utii. Mara moja nilijikuta nimesimama mdomo wazi. Niliufunga kabla mtu hajaona.

Mivinje ilipokwisha upande wa mchanga, mjomba alianza kung'oa visiki. Hakuhitaji kuving'oa. Kisiki cha mvinje hakimsumbui mtu, kinaoza polepole na shughuli zake. Lakini wachoma makaa walivitaka, na mjomba alikuwa na ndoto ya vyumba vya kupangisha, mstari mrefu wa vyumba kutoka barabarani mpaka ukingo wa bonde. Zaidi ya yote alipenda kuving'oa. Alifunga waya kwenye kisiki, akavuta, na kisiki kilipotoka na mizizi yake ikining'inia alitazama nyuma akitabasamu, kama kimemtukana zamani na leo amekipata.

"Shamba safi," alisema. "Jicho linafika mpaka mwisho."

Jicho lilifika mpaka mwisho kweli, na mwisho palikuwa na mnazi wa mama peke yake.

Hapo nikaanza kuona jambo. Kila safari, katapila lilipogeuka ukingoni mwa bonde, liligeukia karibu zaidi na mnazi. Mwanzo lilipita mbali. Kisha nyayo za minyororo zikasogea. Kisha nikaona vimizizi vyembamba vya mnazi vimekatwa na kuachwa juu ya mchanga kama nywele kinyozini. Mnazi hauna mzizi mmoja mkubwa wa kuushikilia. Una hivyo vidogo tu, maelfu, na kila kimoja kinaonekana hakina maana.

Anafanya makusudi? Au ni mzee anayeendesha chuma kizee, na vyuma vya kuvuta vimelegea upande mmoja? Nilimtazama uso wakati wa kugeuka. Uso wake ulikuwa wa mtu anayegeuza katapila. Nilikaa kitandani jioni nikitunga sentensi za kumwambia, nikazipunguza makali, nikazipunguza tena, mpaka iliyobaki ikawa, "Mjomba, pale kona ni pana." Nilimwambia hiyo.

"Naijua kona," alijibu. "Shamba ni langu."

Mama alipopiga simu kuuliza habari, nilimwambia ni njema. Akauliza, "Na mnazi?" Nikasema umesimama. Ndege ikapita juu ya nyumba yake, na sote wawili tukaisubiri ipite.

Mvua za kwanza zilinyesha. Magogo ya mwisho yalikuwa ndani ya bonde lenyewe, na tope lilikuwa limeshaanza kulainika. Jirani wa upande wa pili, mzee aliyevaa kofia iliyoshonwa kwa mkono na kanzu iliyofuliwa mpaka ikapoteza rangi, alimwambia mjomba mbele yetu sote, "Bwana, usiingie humo. Wallahi hilo tope halina chini."

"Katapila limeundwa kwa tope," alisema mjomba.

"Tope la kwao, labda."

Mjomba aliingia. Lilikwenda vizuri hatua chache, na wale wanaume wakaanza kulisifu. Kisha mnyororo wa kushoto ukazama, mjomba akavuta chuma, wa kulia ukazunguka na kujichimbia shimo lake mwenyewe, na katapila likakaa juu ya tumbo. Minyororo ilizunguka hewani na topeni bila kushika kitu. Mjomba aliongeza mafuta. Liliteremka zaidi. Mtu mwenye akili angeacha baada ya mara ya kwanza. Mjomba alijaribu mpaka tope likafika kwenye matundu ya kiti, kisha akashuka na kusimama pembeni, suruali imekuwa nyeusi mpaka kiunoni, uso hauonyeshi chochote.

"Halina neno," alisema. "Lina winchi."

Winchi ilikuwa nyuma, pipa la chuma lililozungushiwa waya mrefu. Nilielezwa zamani kwamba katapila likikwama hujiokoa lenyewe: unaufunga waya kwenye kitu kigumu kilichosimama, winchi inavuta, na katapila linatambaa kuufuata waya mpaka pakavu. Kwa kawaida hufungwa kwenye kisiki.

Tukageuka wote kutafuta kisiki.

Wanaume waliangalia shamba lile safi, jicho likafika mpaka mwisho. Nilitaka kucheka. Kisha nikaacha kutaka, kwa sababu macho yote yalikuwa yametua mahali pamoja.

"Fungeni kwenye ule mnazi," alisema mjomba.

Hakuna aliyejongea. Fundi baiskeli alikuwa ameshaushika waya. Aliuweka chini taratibu, akapangusa mikono kwenye suruali.

"Mnazi wa watu huo," alisema.

"Ni waya tu. Hauukati."

"Kwenye mnazi wa mtu hata mbuzi hafungwi bila kuuliza. Sembuse hilo." Alilielekezea katapila kidevu.

"Kwa tope hili, mnazi ukivutwa utalala," alisema yule mzee wa kofia. "Muulize mwenyewe."

Watu hawa hawa ambao kila asubuhi walikuwa wakiupigia saluti moshi. Sikuanza kuwapenda. Lakini nilielewa kwamba kulikuwa na mambo waliyoyafanyia mzaha na mambo ambayo hawakuyafanyia.

Mjomba akanigeukia. "Mjomba," aliniita, kwa upole ambao hakuwahi kuutumia kwangu. "Funga wewe. Wewe ni wa nyumbani."

Niliokota waya. Ulikuwa mzito na baridi, nyuzi zake zimekatika hapa na pale na kuchoma viganja. Nilisimama nao. Nikifunga, nimeuuza mnazi wa mama kwa mkono wangu. Nisipofunga, nimekataa mbele ya watu amri ya mtu anayenilisha. Nikifunga vibaya makusudi, waya utachomoka na kumkata mtu. Nilisoma miaka minne jinsi nchi zinavyogombania mipaka bila kupigana, na pale ukingoni mwa tope sikupata kutoka katika masomo yale hata neno moja la kusema. Nilitoa simu.

"Mama, wanataka kufunga waya wa katapila kwenye mnazi."

Hakuuliza swali. "Mwambie nakuja. Na aizime hiyo injini."

Nikamwambia. Mjomba hakuizima. Dakika chache baadaye ilijizima yenyewe.

Tulisubiri. Wanaume hawakuondoka, na baadhi walituma watu kuwaita wengine. Mawingu yalikuwa yakijikusanya upande wa Kwale. Katapila liliendelea kushuka kidogokidogo, bila kelele, na kila mara povu la tope lilipopasuka kando yake mjomba alifumba macho. Kwa muda mfupi nilimhurumia. Lilinikera jambo hilo.

Mama alikuja amejifunga leso kiunoni, viatu mkononi, mkoba begani. Hakukimbilia mnazi kama nilivyotarajia. Alisalimia kwanza. Alimsalimia yule mzee wa kofia, akauliza habari za nyumbani kwake, za mguu wake, za mjukuu wake anayesoma. Alimsalimia fundi baiskeli na mamake fundi baiskeli ambaye hakuwapo. Kila salamu ilipewa jibu lake lote. Mjomba alisubiri zamu yake huku maji yakimchuruzika kwenye suruali.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

"Nimeambiwa mnauomba mnazi."

"Hakuna anayeomba. Nataka kufungia waya tu."

"Mnazi wa nani?"

"Nini?"

"Huo. Ni wa nani?"

Mjomba alitazama pembeni. "Huo mnazi uko hapo siku zote."

"Najua uko hapo. Mimi ndiye niliyezaliwa nao." Mama aliweka viatu vyake chini, sambamba, kama anaingia nyumbani kwa mtu. "Nisikilize, kaka. Useme mbele ya hawa kwamba mnazi ni wangu, na kwamba ukianguka leo nitapanda mwingine palepale na utakuwa wangu vilevile. Ukisema, waya naufunga mimi mwenyewe, kwa mikono hii."

Ilikuwa haki kupita kiasi. Niliigeuza huku na huku nikitafuta mtego na sikuuona. Neno moja, na angepata katapila lake. Niliona kabisa kwamba atasema. Alikuwa akilipaka grisi kwa vidole. Alikuwa akilifunika turubai usiku huku kuku wake wakilowa. Hakuna kitu duniani alichokipenda kama kile chuma, na mama, niliwaza, ameuweka mnazi wake kwenye hatari kwa ajili ya sentensi moja.

"Sema tu, bwana," alisema mzee wa kofia. "Neno si zito kama hilo dude."

Mjomba alilitazama katapila. Akautazama mnazi kutoka chini mpaka kwenye makuti yake. Kinywa chake kilifunguka, na wanaume wote tuliegemea mbele kidogo.

"Mnazi ni mnazi," alisema.

"Katapila linazama, kaka."

"Naliona."

Akaja kwangu na kuuchukua waya mikononi mwangu. Aliurudisha kwenye winchi kwa mkono, mzunguko kwa mzunguko, akiupangusa tope kwa kitambaa, akiingia kila mara ndani zaidi mpaka likamfika kifuani. Alipomaliza alikipangusa na kiti, ingawa nusu yake ilikuwa tayari imeshamezwa. Kisha alitoka na kupita katikati yetu kwenda nyumbani bila kumtazama mtu, na mvua ikaanza.

Nilikuwa nimemkosea hesabu tangu mwanzo. Nilidhani analipenda katapila kuliko kila kitu. Kulikuwa na kitu kimoja alichokipenda zaidi, nacho kilikuwa kutompa dada yake lile neno.

Walikuja watu kulitazama baadaye. Mwenye mashine kubwa ya kuchimba alikuja mpaka ukingoni, akaangalia njia, akaangalia tope, akarudi na mashine yake. Mjomba alisema atalitoa kiangazi. Kiangazi kilipofika alisema linasubiri kipuri. Vyumba vya kupangisha havijajengwa, kwa sababu hawezi kuanza na chuma kile kikimkodolea macho. Mimi nilirudi Changamwe, nikapata kazi ya ofisini ambayo nayo ninaidharau, kwa uangalifu.

Wakati wa mvua kubwa zilizofuata, mama aliniomba nimsindikize kwenda kuangua nazi. Bonde lilikuwa limejaa na kuumeza ukingo, na mnazi ulikuwa umezungukwa na maji. Mkwezi alikuwa ameshavuka kwa kuogelea na yuko juu. Sehemu ya katapila iliyobaki nje ilikuwa ncha ya mnyororo, mgongo wa injini na bati la kiti, katikati kabisa ya njia. Mama alipandisha leso, akakanyaga mnyororo, kisha injini, akaenda kama mtu anayepanda ngazi ya kwake.

"Shuka!" Mjomba alikuwa barazani, amesimama na kikombe cha chai. "Shuka kwenye katapila langu!"

Mama alisimama pale juu na kumgeukia. Hakuwa na hasira hata kidogo.

"Lako, kaka," alimwambia, kwa sauti ya kutosha majirani kusikia. "Nani amekataa? Ni lako kabisa."

Akaweka mguu kwenye kiti, akavuka.